Kilichoichemsha Gari ya Mama Cherono

Ingieni, vijana, kaeni hapo kwa benchi. Wewe usiweke simu juu ya hiyo trei, ina grisi. Nasikia mnataka kubadilisha belti ya taimingi na pampu ya maji wenyewe, nyumbani, kwa sababu mmeona video. Sawa. Hata mimi mjukuu wangu amenionyesha hiyo video. Jamaa ana glavu safi, injini safi, anafungua nati moja baada ya nyingine huku anaongea. Nikamwuliza mjukuu: huyu hakuna hata nati moja iliyomgomea? Hapo ndipo nilipoanza kumshuku. Makanika asiyegomewa na nati anawaficha kitu.

Mimi nilifanya kazi katika gereji ya kiwanda cha majani chai, upande wa Mogogosiek, mpaka nikastaafu nikarudi hapa Kimulot kwa ng'ombe wangu na shamba langu la chai. Watu wananiita Fundi Sigei. Nyuma ya mgongo wananiita Fundi Mashaka, wakidhani sijui. Najua. Na ni nani aliyewaambia nimekasirika? Shaka imeniokoa mara nyingi kuliko jeki.

Aliyenifundisha kushuku ni mzee Karanja, mkubwa wangu pale gereji. Wazazi wake walitoka Central wakaja Kericho kufanya biashara, lakini yeye duka lilimshinda, akapenda vyuma. Siku zangu za kwanza aliletewa pikapu moja ya meneja, akaniambia niangalie belti. Nikarudi mbio. "Mzee, belti ni mpya."

"Nani amesema?"

"Dereva."

"Dereva ni belti?"

"Hapana, mzee."

"Basi nenda ukaiulize belti."

Nikafungua kifuniko. Belti ilikuwa imepasuka-pasuka mgongoni, meno mengine yamelika, ningeweza kuikata kwa vidole. Dereva hakuwa mwongo, maskini. Yeye pia alikuwa ameambiwa na dereva mwingine. Uongo mwingi wa gari ni wa namna hiyo, unapokezanwa na watu wazuri. Karanja alikuwa akinicheka vile ninavyotamka belti, na yeye rejeta ilimshinda: "Wewe Sigei unasema pelti, mimi nasema lejeta, na injini inatuelewa sisi wote. Mtu isiyemwelewa ni yule anayebahatisha."

Na mimi nilibahatisha, mara moja. Nyinyi mnajua mvua yetu. Asubuhi jua, mchana mawingu, saa za watu kupeleka majani kituoni mvua inashuka na mawe yake. Nilikuwa nje na injini wazi, nimeweka alama zangu zote kwa chaki: moja kwa gia ya juu ya kemshafti inayofungua vali, moja kwa gia ya chini ya krenki inayosukumwa na pistoni, ili belti mpya ikae pale pale ya zamani ilipokuwa. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi mvua imepita, na chaki imeenda nayo. Badala ya kwenda kumwita mzee nikaona aibu, nikakadiria kwa macho, nikafunga. Nikachukua ufunguo niwashe.

"Weka ufunguo chini," Karanja akasema. Hata hakuwa ameangalia injini. Alikuwa ameangalia uso wangu. "Zungusha kwa mkono kwanza."

Nikaweka spana kwa bolti ya krenki, nikazungusha. Nusu mzunguko, tak! Ikagoma. Vali zilikuwa zimekutana na pistoni. Kwa mkono zinagusana tu, unarudi nyuma unarekebisha. Kwa ufunguo zingepinda zote na ningekuwa nalia mpaka leo. Kwa hiyo hata kama utasahau mambo mengine yote ya mzee huyu anayeongea sana, shika hili: ukishafunga belti, toa plagi ili injini iwe nyepesi, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili, halafu angalia kama alama zimerudi mahali pake. Ikigoma, simama. Usiilazimishe.

Tangu hapo chaki sitaki kuiona. Natumia rangi ya kucha, haitoki kwa mvua wala kwa mafuta. Nilienda mwenyewe dukani nikanunua nyekundu, nikaitia kwa mfuko wa ovaroli. Mke wangu akaipata akifua. Wacha niwaambie, siku hiyo aliyeshukiwa ni mimi, na maelezo ya kemshafti hayakunisaidia hata kidogo. Ilibidi Karanja aje nyumbani kunitetea, na hata yeye mama alimwangalia kwa jicho baya.

Kuna dawa nyingine ambayo hamtaiona kwa video, kwa sababu ni ya huku kwetu peke yetu. Lori limejaa majani, rejeta inayopoza maji ya injini inaanza kuvuja katikati ya mashamba, na dereva hana kulanti, yale maji ya dawa ya rejeta, wala gundi. Lakini dasti hakosi, yale majani ya vumbi, madogo kuliko yote. Anachota kiganja kimoja anatia kwa rejeta. Majani yanafura kwa maji moto, yanakimbilia pale panapovuja, yanaziba, lori linafika kiwandani. Hiyo ni kiganja kimoja. Ukizidisha, yanaziba mirija yote ya rejeta, maji hayapiti, na mlima wa kwanza tu injini inachemka. Nimewahi kutoa kwa rejeta uji wa chai ambao ungeweza kuuziba ufa wa ukuta. Hiki kisa nilikuwa nakisimulia kila mahali, kwa harusi, baada ya ibada, watu wanacheka mpaka wanashika mbavu. Kumbukeni hapo.

Sasa niwape habari ya Mama Cherono.

Jina lake la kanisani ni Rael. Ni jirani yangu, boma lao liko hapo chini bondeni, unaona mabati kati ya miti. Mume wake ni Mwalimu Joel, alifundisha shule ya msingi hapa mpaka akastaafu. Joel ni bakule wangu, yaani tuliingia jandoni pamoja, tukalala kibanda kimoja. Mtu wa namna hiyo kwetu amepita ndugu. Sasa figo zake zimekataa kazi, na mara mbili kila wiki ni lazima apelekwe Kericho akasafishwe damu kwa mashine. Bila hiyo mashine hana maisha. Anayempeleka ni Rael mwenyewe, kwa steshen wageni yao ya zamani.

Asubuhi moja akaja hapa, nikiwa nakata nyasi ya ng'ombe.

"Chamgei, Baba Chebet."

"Chamgei mising, Mama Cherono. Mwalimu anaendeleaje?"

"Gari inachemka," akasema.

Nilimwuliza habari ya mtu, akanijibu habari ya gari. Niliona ajabu kidogo, lakini nikaiacha ipite. Akanieleza kwamba wakifika ule mlima karibu na Kericho, mshale wa moto unapanda, moshi unatoka kwa boneti, wanakaa kando ya barabara wakingoja ipoe. Wakifika wamechelewa, mashine ina mtu mwingine, wanarudi. Ilikuwa imetokea mara nyingine juzi tu. Miguu ya Joel ilikuwa imeanza kufura, na daktari alikuwa ameonya kwamba akiendelea kukosa, maji yatamfikia kwa moyo.

"Kesho asubuhi lazima tufike," akasema. "Ikichemka tena kesho, Baba Chebet, sijui."

Nikamwuliza nani aliigusa mwisho. Akasema ni Kiptoo, yule kijana mwenye gereji hapo senta, tena aliyejifunzia kazi kwangu. Alikuwa amebadilisha belti na pampu, zote mbili, si zamani.

"Aliwapa za zamani mkononi?"

"Sijui. Joel ndiye alikuwa naye."

Haya. Sheria yangu ni kwamba fundi akikuambia amebadilisha kitu na hakukurudishia kile kikuukuu ukishike, hajabadilisha. Nikajisemea, kikulacho ki nguoni mwako. Kijana wangu mwenyewe ameuza belti mpya na kufunga kuukuu. Damu ikanichemka kuliko hiyo gari. Nikampigia Kiptoo simu hapo hapo, nikamwita mwizi wa belti, mwizi wa pampu, muuaji wa wagonjwa. Akangoja nimalize. "Mzee," akasema, "si ulinifundisha mwenyewe? Fungua kwanza uone." Nikamkatia.

Rael alikuwa bado amesimama. Nikamwuliza, mbona hukumrudishia Kiptoo? Mbona hukupeleka kwa mafundi wa mjini, wako wengi?

"Nimekuja kwako kwa sababu wewe huamini mtu," akasema.

Nikacheka. Nilidhani ananisifu tu ili nikubali.

Tukakubaliana alete spea siku hiyo hiyo kutoka kwa duka ambalo nilimtajia. Hata hilo duka si kwamba naliamini sana, lakini mwenyewe hukubali nifungue boksi mbele yake. Boksi haina maana, vijana. Boksi nzuri inachapishwa popote. Nyinyi shikeni pampu yenyewe, zungusheni kwa vidole: iende laini, isiwe na mchezo wala mkwaruzo. Iwekeni kando ya ile mliyoitoa, mlinganishe mashimo ya bolti na mapezi yake, moja kwa moja. Mwenye duka akikasirika kwa hilo, ondokeni.

Baada ya chakula cha mchana, Rael akiwa ameshaleta spea, nikashuka kwao na vyombo vyangu, kwa sababu gari inayochemka haipandishwi mlima kumfuata fundi. Nikafunga turubai juu ya boneti, maana dalili ya mvua ni mawingu na yalikuwa yameshaanza kukusanyika upande wa msitu wa Mau. Joel alikuwa ameketi kwa kiti karibu na ghala, amevaa koti zito, na patapata miguuni. Uso umemkauka, miguu imefura. Niliumia kumwona. Huyu ndiye alikuwa akitushinda wote mbio.

"Bakule, leo mvua itanyesha," akasema. "Si uache mpaka wiki ijayo?"

"Kesho asubuhi unaenda hospitali."

"Gari ikikataa, si imekataa?"

Alisema kwa utulivu mno. Mtu ambaye maisha yake yako ndani ya gari fulani haizungumzii hivyo. Nikaanza kumtazama kwa pembe ya jicho.

Nikatoa waya wa betri. Nikamwita Rael akanyage breki, gari nikaweka gia ya tano, nikavalisha spana bomba refu, bolti ya krenki ikalegea kwa mlio ambao ng'ombe walisikia. Nikatoa puli, nikatoa vifuniko. Rangi ya kucha yangu nikaiweka juu na chini. Kisha nikamulika belti.

Ilikuwa mpya. Maandishi yake hata hayajafutika mgongoni. Kiptoo hakuwa amenidanganya, na mimi nilikuwa nimeshamwita muuaji. Lakini upande mmoja belti ilikuwa imelowa. Nikafuata maji na kidole mpaka kwa pampu. Kila pampu ina kitundu kidogo chini ya shafti, na sili ya ndani ikianza kufa, maji yanatokea hapo. Tunasema pampu inalia. Nimewahi kuona mtu akiziba hicho kitundu kwa sabuni. Ni sawa na kumziba mtoto mdomo ili asiwe mgonjwa. Basi pampu hii pia ilikuwa mpya, na ilikuwa inalia. Pampu mpya hailii bila sababu.

"Badilisha belti tu," Joel akasema kutoka kwa kiti chake. "Pampu ni mpya. Usijisumbue kumwaga maji."

Mwalimu wa Kiswahili na hesabu, tangu lini anajua kwamba ukitoa pampu unamwaga maji? Rael alikuwa amechukua panga na kwenda kukata nyasi upande wa mto. Nikasukuma sufuria kuukuu chini ya rejeta, nikafungua.

Maji yalitoka rangi ya kahawia. Wazo langu la kwanza ni kutu. Wengi wenu mnatia maji ya mto badala ya kulanti, halafu mnashangaa. Lakini kutu ukiisugua kwa vidole inakwaruza, inaacha wekundu. Hii ilikuwa laini, inateleza, na ikaendelea kutoka mabonge mabonge. Nikanusa. Msionje kamwe, kulanti ni tamu na ni sumu, inaua hata mbwa. Mimi nilinusa tu, na ikatosha. Pua hii imekaa karibu na kiwanda cha majani maisha yangu yote.

Nikafuta mikono. Nikaenda nikachuchumaa mbele ya kiti chake.

"Joel, hii ni chai."

Akatazama mbali, kule ambako watu walikuwa bado wakichuna kabla ya mvua. "Chai gani?"

"Dasti."

"Basi kazi bado unaijua," akasema.

"Ulikuwa unaziba nini? Rejeta nzima, mipira mizima, hakuna mahali palivuja. Majani yako ndiyo yaliyoua sili ya pampu."

Akafunga kifungo cha koti lake.

"Ni nani anayeangalia maji ya gari asubuhi kabla ya safari?"

"Mimi," akasema. "Hiyo ndiyo kazi pekee aliyoniachia."

"Na hii ya kutia majani, ni nani alikufundisha?"

Hapo akanigeukia, na walahi akatabasamu. "Wewe. Kwa harusi ya Cherono. Ulisimama na maikrofoni ukasema kiganja kimoja kinafikisha lori nyumbani, viganja vingi vinalisimamisha mlimani. Watu walicheka sana."

Hasira ilinipanda nikamtusi kwa Kipsigis maneno ambayo sitayarudia mbele yenu. Nikamwambia angemwua mama wa watu kwa barabara ile, na malori yote yale.

"Nimechoka, Sigei," akasema. "Ile sindano ni msumari. Nikitoka pale siku nzima sina mwili, siku inayofuata naanza kupata mwili kidogo, halafu naambiwa vaa viatu twende. Nikimwambia Rael leo sitaki kwenda, atalia. Atajua nimeamua kufa. Nikimwambia gari imekataa, halii. Anatafuta fundi."

"Na umeamua kufa?"

"Hapana!" Alikasirika kweli. "Nilitaka siku moja tu. Niamke nikae hapa, nitazame watu wakichuna majani, na mtu yeyote asiniambie vaa viatu."

Macho yalinilowa, sitawaficha. Nimeshuku madereva, nimeshuku mameneja, nimeshuku boksi za spea maisha yangu yote. Sijawahi kushika mwizi nikatamani hivyo kwamba nisingemshika.

Lakini kazi ni kazi. Nikatoa rejeta nzima nikaigeuza kichwa chini, nikapitisha maji ya bomba mpaka yakatoka meupe, kisha nikapitisha tena kwa sababu sikuyaamini. Nikaosha na injini yenyewe. Pampu nikang'oa. Pale inapokaa nikakwangua gasketi ya zamani yote, taratibu, maana kipande kidogo tu kikibaki, itavuja. Nikafunga pampu mpya nikikaza bolti kidogo kidogo kwa zamu. Belti ya Kiptoo ilikuwa nzuri lakini ilikuwa imelowa kulanti, na belti iliyolowa hairudishwi hata kama ni ya jana. Nikaweka mpya, na tenshena mpya ya kuikaza. Alama juu, alama chini. Nikatoa plagi.

Kisha nikamwambia Joel, "Njoo hapa."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyeharibu. Njoo uzungushe."

Akaja polepole, ameshika ukuta wa ghala. Nikampa spana yenye mkono mrefu, nikamshikilia kiuno asianguke. Akazungusha. Plagi zikiwa nje injini huenda kama inapumua. Mzunguko wa kwanza, akapumzika. Wa pili, akapumzika tena katikati.

"Ikigoma usilazimishe," nikamwambia. "Simama, rudi uangalie shida iko wapi."

Akaniangalia juu ya bega lake. "Hayo mwambie Rael."

"Mwambie wewe."

Akamaliza mzunguko. Alama zote mbili zilikuwa mahali pake, nyekundu kwa nyekundu. Nilikuwa namrudisha kwa kiti Rael alipotokea na mzigo wa nyasi mgongoni. Akautua. Akatazama ile sufuria, mimi nilikuwa nimesahau kuimwaga.

"Umepata nini, Baba Chebet?"

Mambo ya bakule huyasemi kwa mke wake. Nikainama kuosha mikono. "Pampu ilikuwa inalia. Nimeweka nyingine."

"Na nini kingine?"

Nikaendelea kuosha mikono ambayo ilikuwa imeshatakata.

"Mimi ndiye ninayenunua majani ya nyumba hii," Rael akasema. Hakupandisha sauti. "Mkebe umekuwa ukiisha kabla ya siku zake, na wageni hatuna. Nilijua kitambo."

Nikasimama wima. "Ulijua? Ulijua na ukaniacha nilale chini ya gari mchana huu wote? Nikamtukana Kiptoo bure?"

"Niliogopa kumwuliza. Nikimwuliza na aniambie ukweli, nitafanya nini?" Akachomoa ujani wa nyasi uliokwama begani. "Kiptoo angetengeneza gari aende zake. Nilitaka mtu ambaye akiona kitu hataondoka mpaka aulize." Akamgeukia mume wake. "Amekuuliza?"

"Ameniuliza," Joel akasema.

"Basi niambie na mimi."

Mvua ikashuka wakati huo huo, na mawe yake. Wao wakaingia ndani ya gari wakafunga milango, mimi nikabaki chini ya turubai na boneti wazi. Sikusikia neno, mabati ya ghala yalikuwa yanapiga kelele. Niliona tu kupitia kioo. Joel aliongea sana, mikono yake ikienda kama yuko mbele ya ubao. Rael alilia, kama alivyosema atalia. Kisha akaacha kulia. Nikajifanya natafuta plagi ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Mvua ilipopungua akateremsha kioo. "Kesho tunaenda," akaniambia. "Lakini tumepatana. Siku akisema geuza, nitageuza. Popote tulipo. Na wewe, Baba Chebet, nihakikishie kwamba gari ikirudi, imerudi kwa sababu ya mdomo wake na si kwa sababu nyingine."

"Nitakuhakikishia," nikasema.

Nikarudisha rejeta na kila kitu mahali pake, nikajaza kulanti halisi, nikafungua hita ndani ili hewa itoke, tukawasha. Tukaiacha ingurume mpaka mshale wa moto ukapanda katikati na kukaa hapo. Nilikaa nikiutazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Halafu nikapitia senta nikamwomba Kiptoo msamaha mbele ya vijana wake. Akaniagizia soda, na nikaishuku, lakini nikainywa.

Kesho yake walifika Kericho, na wakafika tena safari zilizofuata. Mimi nyumba yangu iko kando ya barabara, kwa hiyo nikawa nawasikiliza asubuhi wakipanda. Naijua sauti ya ile gari.

Halafu kuna asubuhi moja nikaisikia inarudi. Ilikuwa mapema mno, hawakuwa wamefika hata nusu ya njia. Nikajua ni pampu, duka limenipa pampu ya bandia. Kama si pampu ni tenshena. Kama si tenshena kuna mpira sikuukaza. Nikashika spana nikatoka mbio na gambuti mpaka barabarani.

Gari ikatokea kwenye kona. Hakuna moshi. Injini inaenda laini, haina hata kikohozi. Joel alikuwa amefungua kioo chake, kiwiko nje, anatazama chai.

"Ni nini?" nikapiga kelele. "Inachemka?"

"Haina kitu!" akajibu. "Nimesema geuza!"

Rael alikuwa kwa usukani, macho mbele, ameikaza midomo yake. Akaninyanyulia kidole kimoja cha salamu bila kuachilia usukani, wakapita. Nilibaki pale katikati ya barabara na spana mkononi. Sijawahi kusikia injini nzuri namna ile, na sijawahi kuogopa hivyo. Mchana niliwaona kutoka hapa juu. Alikuwa ameketi karibu na ghala, miguu mitupu, na Rael amekaa chini kando yake, na watu wanachuna majani upande wa pili wa bonde. Usiku ule sikulala vizuri.

Asubuhi iliyofuata, kabla wachunaji hawajaingia shambani, nilisikia geti lao likilia. Siku zote ni Rael hulifungua, anashuka kwa gari analifungua, anapanda tena. Nikaenda kwenye ua nikachungulia. Gari ilikuwa bado mbele ya nyumba, Rael ndio kwanza anatafuta ufunguo kwa mkoba. Aliyekuwa getini ni Joel. Alikuwa amelishika wazi, amesimama anamngoja, na alikuwa amevaa viatu.